Mtamba wa Upatanisho

"Andika kwamba serikali ni fisi," Eucabeth alisema, akachomoa mwiba wa samaki kwenye meno na kuutazama kama uliomkosea. "Andika fisi mwenye kofia."

Eddah, mke wa mwanawe, aliandika. Mtoto wake Lenah alikuwa amekaa mapajani akinyonya kifuniko cha kalamu, na kila mama alipofika mwisho wa mstari, mtoto naye alipumua kwa nguvu, kana kwamba kazi ni yao wawili. Nje mvua ya saa kumi ilikuwa imeanza kugonga mabati ya laini nzima. Laini ndiyo safu ya nyumba za wafanyakazi wa majani chai, na ukuta wa mmoja ni ukuta wa mwenzake. Kwa hiyo Eucabeth alipotukana, jirani wa kushoto alikohoa na wa kulia akacheka.

Habari ilikuwa imeanza Alhamisi, darasani. Eddah alisoma masomo ya jioni katika shule ya kambi, kwenye madawati ya watoto yaliyombana magoti, na Mwalimu Ombati, katika kufundisha mambo ya serikali, alitaja kwamba kuna mahakama Arusha ambako nchi yenyewe husimamishwa na kuulizwa ilimfanyia nini mwananchi wake. Alilisema kisha akaendelea na mengine. Eddah hakuendelea. Alirudi nyumbani na neno hilo moja, Arusha, akamwambia mumewe kabla hata hajaweka daftari chini.

Calvince, mumewe, alikaa mlangoni sasa akitazama mvua. Mkono wake wa kulia ulilala pajani kama mzigo wa mtu mwingine aliyemwomba amshikie kidogo. Mwaka juzi, mashine ya kuchuma majani ilipochomwa usiku katika shamba lao, polisi walimkamata asubuhi yake akiwa kliniki na mtoto. Walimweka seli zaidi ya wiki bila kumfikisha kwa hakimu yeyote. Aliingia na mkono wa kuchuma majani, akatoka na mkono wa kupungia watu tu. Vidole havikunjiki. Siku hizi anafagia kiwandani, na asubuhi Eddah humfunga vifungo vya shati ndani ya nyumba, mlango ukiwa umerudishwa, kwa sababu siku moja walifanyia nje na wanaume wakauliza kama atamfunga na nepi.

"Mama, fisi tumeshaandika," Eddah alisema kwa upole. "Tuandike sasa kilichotokea."

"Hicho ndicho kilichotokea. Fisi ndiyo ilitokea."

Dorcus wa nyumba ya pili aliingia bila kubisha, ameshika sweta la kijani. Alisema alisikia Arusha kuna baridi ya mlima, na Calvince asiende kutetemeka mbele ya majaji wakadhani ni uongo unamtetemesha. Eddah alilipokea. Alilikunja vizuri, akaliweka juu ya kabati, na moyo wake ukawa mwepesi kama mtu ambaye tayari ameshakata tiketi.

Jumatatu walienda Kericho wote watatu, na Lenah mgongoni. Ofisi ya msaada wa sheria ilikuwa juu ya duka la mbolea, na ngazi zake zilinuka mbolea mpaka mlangoni. Wakili alikuwa msichana, au hivyo Eucabeth alivyoona. Jina lake Chemutai. Aliwasalimia kwa mikono miwili, akamwita Eucabeth Mama, akamtafutia kiti chenye mto. Kisha akasoma kurasa za Eddah kimya kimya, na kadiri alivyosoma ndivyo midomo yake ilivyozidi kupata shida ya kukaa pamoja.

"Nani ameandika?"

"Ni mimi," Eddah alisema.

"Una mwandiko mzuri sana, Mama Lenah. Lakini humu fisi wako wengi."

"Hata nje wako wengi," Eucabeth alisema.

Wakili alicheka hadi akajipangusa macho, na baada ya hapo mambo yakawa rahisi kidogo. Aliwaeleza kwamba mkataba wa nchi za Afrika una masharti ya kupokea lalamiko, kama mlango ulivyo na kizingiti. Sharti mojawapo ni kwamba lalamiko lisiwe la matusi kwa serikali inayoshtakiwa. Kosa liandikwe lote, hata liwe baya namna gani, lakini mkosaji asitukanwe.

Eucabeth aliweka mkoba wake chini. "Kwa hivyo waliovunja mkono ya mtoto wangu wanataka heshima?"

"Hawaheshimiwi, Mama. Wanashtakiwa. Ukiwatukana, watakaa hapo wajibu matusi, na mkono hawataujibu."

Eucabeth alifikiri. Alikuwa mwanamke aliyechuma majani maisha yake yote chini ya manyapara wa kila aina, na alijua mtu anayekwepa swali anavyofanya. Alikubali fisi waondoke, ila akataka karatasi ile ya kwanza arudishiwe. Aliikunja, akaitia ndani ya Biblia yake.

"Sasa," Eddah alisema, akiegemea mbele, "basi ya Arusha tunapanda lini?"

Hapo wakili alivuta kiti chake, akazunguka meza, akaja kukaa upande wao. Aliwaambia kwamba Kenya ilikubali mahakama ile, lakini haijaweka ile sahihi nyingine inayomruhusu mwananchi kuingia mwenyewe na kesi yake. Mwananchi wa Kenya hupeleka lalamiko kwanza kwa tume, na tume iko Banjul. Tume ikiona inafaa, ndiyo inaweza kulifikisha Arusha. Eucabeth aliuliza kama Banjul ni mbele ya Busia. Aliambiwa ni mbele sana ya Busia, ni Gambia, ambako jua la Kericho huenda kutua baadaye. Ipo mahakama nyingine ya Afrika Mashariki, nayo iko Arusha hiyo hiyo, na huko mtu huingia mwenyewe. Lakini ile hukupa miezi miwili tu tangu jambo lilipotokea, na yao ilikuwa imepita zamani.

"Hiyo ya Banjul si shida," wakili aliendelea. "Karatasi husafiri, hata kwa simu. Shida ni swali la kwanza watakalouliza. Watasema, nyumbani mlimaliza? Korti za kwenu mlizipitia zote, mpaka ya juu? Kama mlango wa nyumbani ulifungwa, au kesi inazungushwa miaka na miaka, watawasikiliza. Lakini kama ulikuwa wazi na hamkuingia, watawarudisha. Na humu mmeandika mlikuwa na kesi hapa hapa, Mahakama Kuu ya Kericho. Iliishaje?"

Eucabeth alimtazama mwanawe. Lenah alipiga meza na kifuniko cha kalamu.

"Ilitolewa," Calvince alisema hatimaye.

"Jaji aliitupa?"

"Hapana. Mimi mwenyewe niliitoa. Kanisani."

Ilibidi aeleze, na Eddah alitamani amsaidie lakini akajua si maneno yake. Inspekta aliyekuwa mkubwa wa kituo kile alikuwa mzee wa kanisa lao la kambini. Kesi ilipoanza kutajwa, Mchungaji Opondo alihubiri kwamba ndugu wawili wanaokula meza moja ya Bwana hawafai kuonana kortini. Ikafanywa siku ya upatanisho. Viti vilikodishwa. Inspekta alikuja na mtamba mwekundu mwenye kitambaa cheupe shingoni, akamkabidhi Calvince kamba mbele ya watu wote, na akina mama wakapiga vigelegele. Kisha wakakaa kula. Maji ya kunawa yalipomfikia Calvince, mchungaji aliona, akachukua kipaza sauti na kusema kwa huruma kubwa, mpaka barabarani wakasikia: "Mtafutieni ndugu yetu kijiko." Baada ya chakula, kwenye meza ile ile ya sadaka, Calvince alitia sahihi ya kuondoa kesi. Alitia kwa mkono wa kushoto.

"Na Inspekta?" wakili aliuliza.

"Alipandishwa cheo. Yuko mbali sasa. Mke wake bado anaimba kwaya."

Wakili Chemutai hakuwalaumu. Alisema tu kwamba hawakushindwa, walitoka kwa miguu yao wenyewe jaji akiwa bado amekaa, na huko nje hilo haliitwi kumaliza. Lakini kwa sababu hakuna hukumu, kesi yaweza kufunguliwa upya, na waeleze kwa nini waliiondoa, na wasikawie tena. Wakishinda hapa, safari imeishia hapa. Wakishindwa, wakate rufaa, na wakifika mwisho wa korti za nyumbani, hapo ndipo mlango wa nje utafunguka bila mtu kuwauliza la kizingiti.

"Na huyo mtamba?"

"Yuko Kimulot kwa rafiki yetu," Eddah alisema. "Amezaa."

"Wakili wa serikali atamtaja. Atasema mlishalipwa na mkakubali. Sheria haiwalazimishi kumrudisha, na mimi nitajibu kadiri niwezavyo. Lakini swali litakuja. Muwe na jibu lenu, si langu."

Nyumbani, jibu halikupatikana. Eucabeth, aliyekuwa wa kwanza kutaka vita, sasa alisimama mbele ya ng'ombe yule kama ukuta. Alisema yeye fisi amewaondoa, Banjul ameikubali, lakini maziwa ya mjukuu wake hataki yaguswe. Chupa ya maziwa kutoka Kimulot ilifika kila baada ya siku chache na lori la majani, na ndiyo iliyomtoa Lenah kwenye ule wekundu wa nywele wa utapiamlo uliokuwa umeanza kumwingia.

"Wewe mwenyewe uliona huyu mtoto alivyokuwa," alimwambia Eddah. "Sasa unataka anywe nini? Anywe haki?"

Neno lile lilimkaa Eddah, kwa sababu lilikuwa la kweli. Aliinuka, akachochea uji, akaurudisha mkono wa Lenah uliokuwa ukielekea kwenye sufuria. Alikuwa amefikiri kwamba kupata haki ni kwenda mbali, kupanda basi la usiku na kuvuka mpaka, kuingia chumba chenye bendera nyingi. Mbali alikuwa tayari. Hakuwa amefikiri kwamba njia ya Arusha ingeanzia kwenye kikombe cha mtoto wake.

"Mama," alisema, "mtoto atakunywa. Mimi nina mikono miwili, nitachuma hata zamu ya pili. Lakini Baba Lenah akisimama kortini aseme hajapata haki yake, huku nyumbani tunakamua, mimi mwenyewe nikiwa jaji sitamwamini."

"Wewe si jaji."

"Ndiyo. Kwa hivyo huyo aliye jaji ataona zaidi."

Mchungaji Opondo alikuja kesho yake, kwa sababu kuta za laini hazina siri. Alikunywa chai, akasifu mtoto, akafika kwenye jambo lake pole pole. Alisema kanisa lilijenga daraja pale, na atakayelibomoa afikiri na wale ambao watavuka baadaye. Alisema watu wataanza kuuliza huyu kijana anataka ng'ombe wangapi. Alisema haya yote akimtazama Eddah, si Calvince, kana kwamba masomo ya jioni yangeweza kuambukiza. Calvince alimsindikiza hadi barabarani akarudi, akasimama mlangoni akiwa amelowa mabegani.

"Siku ile," alisema, "hakuna aliyeniuliza kama nataka kijiko."

Eddah alijua swali la nyumba yake limeshajibiwa na mwenyewe, na aliyebaki ni Eucabeth.

Jumamosi walipanda kwa miguu hadi Kimulot, njia ya juu, mahali ambapo mashamba ya chai ya wenyeji yanafika karibu kabisa na msitu na ukungu hauna saa yake ya kuondoka. Eucabeth alikuja nao ili kuhakikisha, kwa maneno yake, kwamba hakuna mjinga atakayefanya ujinga bila shahidi.

Mfanyakazi wa laini haruhusiwi kufuga ng'ombe, kwa hiyo tangu mwanzo walimweka mtamba kwa Cheptoo, mama mmoja aliyewahi kuchuma pamoja na Eucabeth kabla hajapata shamba lake mwenyewe. Huko wana desturi yao ya kumtunzia rafiki ng'ombe, wanaita *kimanagan*. Anayetunza hunywa maziwa na kugawa, mwenyewe hubaki na ng'ombe wake, na hakuna anayemwuliza mwenzake karatasi. Ila mwenye ng'ombe haji siku moja akakata kamba na kuondoka. Huja, hukaa, huongea, na anayetunza hutoka na kitu.

"Chamgei," Cheptoo aliwasalimia kutoka chini ya ng'ombe, bila kuacha kukamua. "Eucabeth, umenona. Ni maziwa yangu hayo."

"Ni ya mjukuu. Mimi nimenona kwa hasira."

Walicheka. Waliletewa mursik, maziwa ya mgando ya kibuyuni, na ugali, wakakaa jikoni karibu na moto, na ndama, ambaye alikuwa ameshaacha kunyonya, akaingiza kichwa mlangoni kuona wageni ni akina nani. Calvince alieleza shida yao yote, Kericho na Banjul na Arusha. Cheptoo alisikiliza huku akisugua kibuyu kwa mkaa. Alipomaliza kusikia hakuuliza habari za korti hata moja.

"Huyo askari, siku analeta ng'ombe, alisema nini?"

"Alisema tusahau yaliyotokea," Calvince alisema.

"Hiyo nimesikia. Mimi nauliza, alisema alifanya nini?"

Calvince alitazama moto. Eddah alijaribu kukumbuka. Alikumbuka kitambaa cheupe, vigelegele, harufu ya pilau, kipaza sauti kikilia. Alikumbuka Inspekta akisema *yaliyotokea*, na *ile hali*, na *kipindi kigumu kwetu sote*.

"Hakusema," Eucabeth alijibu badala yao, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nilikuwa mstari wa mbele. Hakusema mkono. Hata neno mkono halikutoka."

"Ai," Cheptoo alisema. Akaendelea kusugua kibuyu. "Kwetu mtu akileta ng'ombe ya kupatana, kwanza anasimama anasema, ni mimi, nilifanya hivi. Halafu ndiyo ng'ombe inakuja. Hiyo yenu ilikuja peke yake."

Mvua ilianza kupiga paa la jikoni. Eucabeth alikaa na kikombe cha mursik mikononi bila kukinywa. Eddah alimwona akimtazama Lenah, aliyekuwa amelala juu ya gunia na ndevu nyeupe za maziwa mdomoni, na akajua mama mkwe wake anapiga hesabu ambayo hakuna mtu angeweza kumsaidia. Kisha Eucabeth aliweka kikombe chini, akapangusa mikono kwa leso, akatoka mvuani. Walipomfuata walimkuta anahangaika na fundo la kamba kwenye mti wa boma, akinung'unika kwa Kijaluo maneno ambayo yasingepita kizingiti cha Banjul.

"Ngoja kesho, Mama," Eddah alisema. "Kesho ndiyo Jumapili."

"Mimi nalegeza tu," Eucabeth alisema. "Kesho isitusumbue."

Calvince alimwambia Cheptoo kwamba ndama ni wake, kwa utunzaji. Cheptoo alikataa kama inavyotakiwa, akakataa tena, kisha akakubali. Akasema kwa kuwa sasa ana ndama wake mwenyewe, basi na ng'ombe wake yule mzee mweusi ana maziwa kidogo, na lori la majani linapita bado. Mtoto si wa serikali wala si wa kanisa. Chupa itakuja.

Jumapili waliposhuka na ng'ombe hadi kanisani, ibada ilikuwa katikati ya mahubiri. Walikusudia kusubiri nje kwa adabu hadi baraka za mwisho, lakini ng'ombe hakujua adabu hiyo. Aliona maua yaliyopandwa na umoja wa akina mama, akaanza kuyala, na Eddah alipomvuta akalia kwa sauti ndefu iliyoingia kanisani kupitia madirisha yote kwa pamoja. Mahubiri yalisimama. Vichwa viligeuka. Mmoja baada ya mwingine waumini walitoka, watoto kwanza, na mwisho Mchungaji Opondo katika joho lake, bado ameshika kipaza sauti.

Eddah alikuwa na hofu, lakini ilikuwa hofu ya kabla ya mtihani ambao mtu amesoma. Alimpangusa Calvince matone ya mvua begani, akamwachia nafasi.

Calvince alinyoosha mkono wa kushoto. Mchungaji hakuelewa. Calvince alibaki ameunyoosha tu, bila haraka, hadi mchungaji akaona ni kipaza sauti kinachoombwa, na mbele ya watu wengi hivyo hakupata njia ya kukinyima.

"Mtamba huyu nilipewa hapa mkiona," Calvince alisema, na waya ukapiga kelele kidogo kisha ukatulia. "Niliambiwa ni wa amani. Nimekaa naye, nimeona alikuwa wa kuninyamazisha. Namrudisha mkiona. Kanisa silikatai, Mchungaji. Hata Jumapili ijayo nitakuja. Lakini mwenye kutaka kupatana na mimi aje aseme alinifanya nini huu mkono. Akisema, hatahitaji hata ng'ombe. Kesho mimi naenda kortini."

Alishusha kipaza sauti. Ng'ombe aliendelea kutafuna maua. Eucabeth alikuwa ameshika kamba, akaisogeza kwa mke wa Inspekta, aliyesimama mbele na joho la kwaya. Yule mama aliweka mikono nyuma. Alikuwa mwekundu machoni, na Eddah, ambaye hakutaka kumwonea huruma, alimwonea kidogo.

"Na ndama?" mke wa Inspekta aliuliza. "Nasikia alizaa. Ndama yuko wapi?"

Cheptoo alikuwa amekuja nao, ingawa yeye husali kanisa lingine, akasema kwa utulivu kutoka nyuma, "Ndama iko kwangu. Anayeitaka apande Kimulot, tuongee miaka miwili ya nyasi."

Mtu alicheka, kisha wengi. Hakikuwa kicheko cha kumdhihaki mtu, kilikuwa kile cha watu waliobanwa pumzi muda mrefu. Kamba ilikuwa bado inaning'inia kati ya mikono, hakuna anayeitaka. Eucabeth aliwatazama wote, akachagua. Aliiweka mkononi mwa Mchungaji Opondo, akamkunjia vidole juu yake kimoja kimoja, polepole, kama mtu anayemwonyesha mtoto jinsi mkono unavyofanya kazi.

"Ushikie kanisa," alimwambia. "Mpaka mwenyewe aje."

Kericho, Jumatatu, karani wa masjala ya Mahakama Kuu alipekua faili la zamani, akamtazama Calvince juu ya miwani.

"Hii kesi mlitoa wenyewe. Sasa mmerudi?"

"Tumerudi," Eddah alisema.

Wakili Chemutai alitoa karatasi mpya. Zilikuwa za mwandiko wa mashine, lakini maneno mengi yalikuwa ya Eddah, na yalisema tu ni siku ipi, mlango upi, na vidole vipi. Yalieleza pia upatanisho, kijiko, mtamba na Jumapili ya jana. Karani alisogeza wino wa kidole gumba aliozoea kuwapa watu wa mashambani. Calvince aliusukuma kando. Alichukua kalamu, akaipenyeza kati ya vidole viwili vya mkono wa kulia visivyokunjika, akaishikilia kwa kushoto isianguke, akaanza kuandika jina lake. Ilichukua muda. Watu wa nyuma kwenye foleni walianza kukohoa. Eddah hakugeuka kuwaomba radhi. Jina lilitoka limepinda kama njia ya Kimulot, lakini lilitoka lote, na muhuri ukagongwa kando yake.

Kwenye ngazi za nje Eucabeth alitoa ile karatasi ya fisi kutoka kwenye Biblia, akamwuliza wakili kama baada ya hukumu matusi yanaruhusiwa.

"Ukiwa barabarani, Mama, na si mbele ya jaji."

"Basi naitunza. Kama ni Kericho, kama ni Banjul, kama ni Arusha. Nina afya."

Walienda kula katika hoteli ndogo nyuma ya soko, kwa sababu wakili alisema siku kama hiyo mtu asikae na njaa. Lenah alikalishwa juu ya meza. Sweta la kijani la Dorcus, ambalo Eddah alikuwa amelibeba bila kujua kwa nini, alilitandika chini ya mtoto. Msichana wa hoteli alileta ugali na nyama, kisha akaja na birika na bakuli la kunawa, akaanza kwa Eucabeth, akaja kwa Eddah, akafika kwa Calvince, akaona mkono. Alisita. Birika lilining'inia hewani, na msichana akaangalia huku na huku kumtafuta mtu wa kumwambia la kufanya.

Eddah alifungua mdomo ili aseme. Kisha akaufunga.

"Niletee kijiko," Calvince alimwambia yule msichana, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeomba chumvi. "Na huyu mtoto, mletee kikombe cha maziwa."